Barakoa ya rubani inayovuta hewa lakini haitoi: mwongozo kamili wa kufufua vali za A-13A

Malalamiko ni yale yale. Mtu amenunua barakoa ya oksijeni ya marubani wa Marekani, aina ya A-13A, ameiosha ikatakata, akaijaribu sebuleni ikapumua bila shida. Anakuja rafiki yake, anaziba mwisho wa paipu kwa kiganja, na papo hapo pumzi haitoki. Anaifungua, anaiosha upya, anapaka mafuta kidogo "ilainike", na sasa ndiyo imeharibika kweli.

Karibu kila mtu hukimbilia vali ya kutolea pumzi iliyo kidevuni, kwa sababu ndiyo inayoonekana kugoma. Mara nyingi haina kosa. Mkosaji amekaa juu yake, mashavuni: vali mbili za kuingizia hewa. Ukilielewa hilo, kazi ya mikono inakuwa ya saa tatu, mbali na muda wa kukausha. Usipolielewa, utaosha barakoa hiyo mpaka iishe.

## Kwanza uelewe inavyoziba

Barakoa hii haikutengenezwa kwa mtu kuvuta hewa tu. Kwenye mita 12,000 hivi, shinikizo la hewa yote limebaki kama milimita 141 za zebaki, wakati usawa wa bahari ni 760. Mvuke wa maji ndani ya mapafu peke yake unachukua 47 kati ya hizo. Hapo hata oksijeni tupu inaanza kupungukiwa, na juu zaidi ni lazima isukumwe mapafuni kwa nguvu. Rubani anajazwa hewa bila kuvuta, kisha anatumia misuli kuitoa. Ni kupumua kinyumenyume.

Sasa, oksijeni ikiwa inasukumwa, nini kinaizuia isipite moja kwa moja na kutokea kidevuni? Ni mrija mwembamba. Unatoka upande wa paipu ya oksijeni na kuingia nyuma ya kiwambo, yaani utando mwembamba, cha vali ya kutolea pumzi. Shinikizo lile lile linaloingia usoni linabana pia vali hiyo ibaki imefungwa. Ukipumua nje, shinikizo la mdomoni linazidi kidogo lile la kwenye paipu, na vali inafunguka. Tuuite mrija wa fidia.

Tazama kinachotokea vali moja ya shavuni isipofunga sawasawa. Unapumua nje, pumzi yako inarudi kwenye paipu, inapanda mrija wa fidia, na inabana kiwambo kwa nguvu ile ile unayosukumia. Unapigana na pumzi yako mwenyewe. Kadiri unavyopuliza, ndivyo vali inavyozidi kufunga.

Na ndiyo maana sebuleni ilipumua vizuri: mwisho wa paipu ulikuwa wazi, pumzi iliyovuja ikatokea huko. Ndegeni mwisho huo unaingia kwenye regulata, kifaa kinachodhibiti oksijeni, na pumzi haina pa kutokea.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Kazi hii ni ya barakoa ya kabatini, ya maonyesho au ya kujifunzia. Usiitumie kurukia, kupandia mlima, wala kumsaidia mgonjwa, na usiiunganishe na mtungi wa oksijeni hata kwa mzaha. Mpira wa miaka 60 au 70 hauaminiki, na mafuta yoyote yakikutana na oksijeni yenye shinikizo yanaweza kuwaka.

Ukiijaribu usoni, ishike kwa mkono. Usifunge mikanda. Keti, na mwingine awepo karibu.

Ikiwa imekuja na regulata au geji ya enzi za vita, yenye tarakimu za kung'aa gizani zilizogeuka rangi ya kahawia, iweke kando bila kuifungua. Rangi za namna hiyo mara nyingi zilikuwa na radiamu. Kung'aa kunakwisha kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechoka; radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi.

## Vifaa

- Maji ya betri, lita mbili: yale safi yaliyokenekwa ya kuongezea, si asidi. Ya bomba yana chumvi inayoacha madoa kwenye siti ya vali, yaani kitako inapofungia.
- Shampuu ya watoto isiyo na mafuta. Kijiko kimoja cha chai kinatosha.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 70, kwa sehemu za chuma na plastiki tu.
- Mswaki laini mpya na brashi ndogo ya rangi ya maji.
- Kitambaa cha mikrofaiba. Pamba usiilete karibu na meza hii, utaona sababu.
- Lenzi ya kukuzia na tochi ya mwanga mweupe.
- Bisibisi ndogo, bapa na ya nyota.
- Kipande cha silikoni bapa chenye unene wa nusu milimita, endapo utahitaji kukata ulimi mpya, yaani kile kiduara chembamba kinachofunga vali.
- Bomba la sindano la mililita 20, mrija laini wa plastiki unaopita mwanga kama mita moja na nusu, kiungo cha njia tatu, na rula.
- Glavu za nitrili na barakoa ya kujikinga na vumbi.
- Trei nyeupe yenye ukingo. Springi ya vali ya kidevuni ikiruka sakafuni imekwenda.

Mafuta ya nazi, Vaseline, mafuta ya taa na vile vinyunyizio vya kung'arisha dashibodi ya gari haviingii. Mpira wa asili unakunywa mafuta, unavimba, unalegea, na siku za mbele unanata. Najua inauma kuona mpira mkavu ukauacha hivyo. Uache.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni barakoa ya shinikizo

A-14 ya Vita Kuu ya Pili inauzwa sana, na kwa jicho la haraka inafanana na A-13A. Lakini ile ni ya kuvuta hewa kwa pumzi yako tu: chini ina ulimi wa mpira unaopepea, basi. Haina mrija wa fidia. Ukiitafutia tatizo hili utajisumbua bure.

Geuza barakoa yako uangalie ndani. A-13A ina matundu mawili ya vali, moja kila shavu, na la tatu kidevuni. Fuata kwa kidole njia ya hewa kutoka kwenye paipu. Utakuta mrija mwembamba unaokwenda kwenye vali ya chini.

Kama yako ni barakoa ya MBU-5/P ya miaka ya vita vya Vietnam, kanuni ni hiyo hiyo ila vali ya kuingizia na ya kutolea zimeunganishwa kuwa kitu kimoja chini ya barakoa. Za Waingereza, aina ya P (saizi kubwa) na Q (saizi ndogo), nazo zina vali ya kutolea yenye fidia. Utafuata hatua hizi, ila pa kufungulia patatofautiana.

## Hatua ya 2: Soma mpira

Kabla ya maji, bonyeza kingo za barakoa kwa kidole gumba taratibu.

Ikirudi umbo lake, endelea. Ikibaki na alama ya kidole na kunata, mpira umeshaanza kuoza kikemia na hakuna dawa. Ipanguse vumbi, ihifadhi, usiifungue. Ikiwa ngumu, iache kwenye chumba chenye joto la kawaida la Dar es Salaam siku mbili tatu kisha ibonyeze tena. Mpira wa asili uliokaa kwenye baridi kali hukakamaa na unaweza kulegea ukipata joto. Uliokakamaa kwa uzee haurudi, na ukiulazimisha utapasuka hapo hapo puani ulipo mwembamba zaidi.

Jambo la unga mweupe linawatisha wengi bila sababu. Ukiwa umesambaa sawasawa kama vumbi la chaki, hauna harufu, na unafutika kwa kitambaa kikavu, ni nta na kemikali za mpira wenyewe zilizopanda juu. Ukiwa madoadoa yenye manyoya, una harufu ya kabati lililofungwa masika nzima, na unarudi baada ya wiki, huo ni ukungu. Wa kwanza unafuta. Wa pili unavaa glavu na barakoa ya vumbi, unatoka nje, unausugua kwa brashi kavu upepo ukiwa nyuma yako, kisha ndiyo unaosha.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya kufungua

Watu wengi wanairuka hii, kisha hawajui kama wametengeneza au wameharibu.

Pangusa kingo za ndani kwa kitambaa chenye maji ya shampuu, kausha, kisha ishike usoni.

Kipimo A: ziba mwisho wa paipu, vuta pumzi kidogo. Barakoa inatakiwa inyonywe usoni na kubaki hivyo. Hewa ikipenya, sikiliza inapotoka: juu ya pua, kidevuni, au kwenye mikunjo ya paipu.

Kipimo B: acha paipu wazi, shikilia ukanda mwembamba wa karatasi ya shashi mbele ya mwisho wake, pumua nje. Shashi isitikisike. Ikitikisika, vali ya shavuni inavuja.

Kipimo C: ziba mwisho wa paipu, pumua nje. Itoke kwa wepesi. Isipotoka, ondoa barakoa usoni mara moja, usishindane nayo.

Andika majibu. Ukifeli B na C pamoja, umeshampata mwizi: ni vali za mashavuni. Ukifaulu B na kufeli C, ulimi au kiwambo cha chini kimenata kwenye siti yake. Ukifeli A peke yake, angalia paipu na kingo kwanza kabla ya kulaumu vali.

## Hatua ya 4: Fungua, kwa picha

Piga picha kila unapogusa skrubu au klipu, barakoa ikiwa imekaa upande ule ule. Picha za pembe tofauti zitakuchanganya wakati wa kurudisha.

Toa maikrofoni kwanza, maana haitakiwi kuona maji. Zile za zamani, kama ANB-M-C1, zina punje za kaboni ndani, na kaboni ikishika unyevu inaganda.

Legeza klipu ya paipu na uivue kwa kuizungusha, si kwa kuivuta. Halafu vali ya kidevuni: kunja mpira kuizunguka kama unavyovua tairi ya baiskeli, taratibu, mpaka itoke yenyewe. Ukiona mpira unageuka mweupe kwenye mkunjo, simama. Umeufikisha mwisho.

Vali za mashavuni usizing'oe zote mbili kwa pamoja. Toa ya kulia, ifanyie kazi, irudishe, ndipo uende kushoto. Hivyo utakuwa na mfano kamili wa kuangalizia kila wakati.

## Hatua ya 5: Osha

Maji ya uvuguvugu, ya kuogeshea mtoto, si zaidi ya nyuzi 40. Kijiko cha shampuu kwenye lita moja. Mpira unakaa dakika tano, unasuguliwa kwa mswaki laini, unasuuzwa mara mbili kwa maji ya betri. Usichemshe. Usiloweke usiku kucha. Spiriti kwenye chuma na plastiki peke yake.

Kausha kivulini masaa 24. Jua la saa saba mchana linakausha haraka, ndiyo, na linapasua mpira haraka vile vile. Paipu uininginize wima ili maji yaliyojificha kwenye mikunjo yashuke.

Barakoa iliyobonyea upande mmoja ijaze karatasi laini nyeupe ikiwa bado ina uvuguvugu, uiache ikauke na umbo hilo.

## Hatua ya 6: Vali za mashavuni, kazi yenyewe

Hapa chukua muda wako.

Ulimi wa vali ni duara jembamba la mpira lililolala juu ya siti. Hewa ya paipu inauinua, pumzi yako inaukandamiza. Hakuna springi ya kuusaidia. Kinachofanya kazi ni ubapa wake tu, kwa hiyo kitu chembamba kama unywele kinatosha kuuharibia.

Nina barakoa niliyoifungua mara nne. Kila mara safi, kila mara inafeli kipimo C. Mara ya tano niliwasha tochi ubavuni, mwanga ukapita sambamba na siti badala ya kutoka juu, nikaona uzi mmoja wa pamba umelala chini ya ulimi, mweupe juu ya plastiki iliyopauka. Nilikuwa nausafisha kwa vijiti vya masikio, na kila nikisafisha naacha uzi mwingine.

Basi fanya hivi. Inua ulimi kwa ncha ya brashi kavu, usitumie ukucha. Mulika kutoka ubavuni, uangalie siti kwa lenzi, ukizunguka duara lote. Unatafuta vitu vitatu: nyuzi na vumbi, ganda la chumvi au sabuni, na mkwaruzo. Viwili vya kwanza ondoa kwa kona ya mikrofaiba yenye maji ya betri. Mkwaruzo usiusugue kwa msasa. Siti ikipoteza usawa hairudi.

Kisha geukia ulimi wenyewe. Uweke juu ya kioo safi. Ukilala bapa pande zote, ni mzima. Kingo zikiinuka kama chapati iliyokauka, hautafunga tena hata siti iwe kama kioo.

Uliojikunja ubadilishe. Weka silikoni juu ya ubao, ulimi wa zamani juu yake, weka alama, kisha kata kwa wembe mpya kwa mzunguko mmoja bila kuinua mkono. Kingo zenye meno zinavuja. Usitumie gundi kuushikilia. Urudi pale pale ulipokuwa umeshikwa wa kwanza. Ule wa zamani uweke kwenye kibahasha chenye maandishi, na siku ukiuza barakoa mwambie mnunuzi nini si cha asili.

Utajua umefaulu ukipuliza taratibu kutoka upande wa paipu na ulimi ukainuka bila sauti, kisha ukipuliza upande wa pili ukatulia papo hapo bila kutetema. Ukisikia mluzi mwembamba, bado.

## Hatua ya 7: Vali ya kidevuni na mrija wa fidia

Osha, mulika, angalia siti kama ulivyofanya juu. Springi ikiwa na kutu nyepesi ifute kwa spiriti. Usiivute "kuiongezea nguvu". Nguvu yake ni ndogo kwa makusudi. Kazi kubwa inafanywa na shinikizo.

Mrija wa fidia unazibwa na vumbi lililogandamana. Pitisha maji ya betri kwa bomba la sindano, kisha hewa. Usichokoe kwa waya.

Sasa jaribu kiwambo. Unganisha bomba la sindano, mrija wa fidia na mrija wako wa plastiki kwenye kiungo cha njia tatu. Mrija wa plastiki uukunje kwa umbo la U, uutie maji mpaka nusu, uusimamishe kando ya rula. Sukuma bomba la sindano kidogo kidogo mpaka tofauti ya maji kati ya pande mbili ifike sentimita 10, kisha shikilia.

Mimi naridhika maji yakikaa palepale nusu dakika. Yakishuka taratibu, kaza viungo vyako kwanza, maana mara nyingi kinachovuja ni kiungo na si barakoa. Yakishuka ghafla, kiwambo kimetoboka. Kiwambo kilichotoboka usikizibe kwa gundi ya matairi, itakifanya kizito upande mmoja. Barakoa itapumua nje vizuri tu, ila isingeweza tena kuzuia oksijeni ya shinikizo isitoroke. Kwa kabatini inatosha. Andika kasoro hiyo kwenye kadi yake.

## Hatua ya 8: Rudisha na upime tena

Rudisha kwa mpangilio wa picha, ukianzia ya mwisho. Vali ya kidevuni ikiingia sawasawa, mdomo wa mpira unakaa kwenye mfereji wake duara zima. Sehemu moja ikibaki juu utafeli kipimo A.

Rudia A, B na C, kwa mfuatano huo. Matokeo unayotaka: barakoa inanyonya uso, shashi haitikisiki, na paipu ikiwa imezibwa pumzi inatoka kwa wepesi na mchakacho mdogo kidevuni. Huo mchakacho ndio vali ikifunguka na kufunga.

C ikifeli tena na B ikafaulu kwa shashi, rudia B kwa kioo kidogo cha mkononi kilichopozwa kwenye friji. Kiweke mbele ya mwisho wa paipu, pumua nje mara tatu. Kikipata ukungu, bado unavuja kidogo mno kwa shashi kuonyesha. Rudi hatua ya 6, anza na shavu ulilolifanya la kwanza, kwa sababu ndilo ulilolifanya ukiwa hujazoea.

## Hatua ya 9: Pa kuiweka

Chumba chenye giza na ubaridi kiasi, mbali na dirisha na mbali na injini ya friji au kifaa chochote kinachotoa cheche, kwani ozoni ndiyo inayochora zile nyufa ndogo kwenye mikunjo. Ukikaa Mombasa, Tanga au Unguja, tumia boksi lenye mfuniko na vipakiti vya silika, uvibadilishe msimu wa mvua.

Usiifunge kwenye mfuko wa PVC, wala usiining'inize kwa mikanda yake. Mpira usigusane na shaba wala vyuma vyenye shaba. Kipande cha karatasi nyeupe kati ya klipu na mpira kinatosha. Kichwa cha kuonyeshea kiwe cha povu la polyethilini, na kisiwe kikubwa kuliko barakoa.

Kila miezi sita itoe, inua kila ulimi mara moja kwa brashi kavu usije ukagandamana na siti, kisha urudie kipimo C. Ukikuta ulimi umeshika, usiunyofoe: pulizia hewa ya uvuguvugu ya mdomo upande wa paipu, ungoje dakika moja, uinue tena.